Supu ya kababu bila mkate wala viazi

Dada, umesema kababu zako zinasambaratika kwenye supu tangu uache kutia mkate kwa ajili ya sukari ya mzee. Mkate si lazima. Kinachoshika nyama ni chumvi na mkono wako.

Chukua nyama ya kusaga nusu kilo, isiwe kavu kabisa, mafuta kidogo yanasaidia. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kisha kanda dakika 3 au 4 mpaka ianze kunata vidoleni. Hapo ndipo utie yai 1, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nzima iliyosagwa. Kitunguu maji kikune na ukikamue vizuri, maji yake ndiyo yanayoharibu. Viringa vidonge vidogo, weka kwenye friji nusu saa.

Supu ya mifupa iwe inatokota taratibu, isichemke kwa fujo. Tumbukiza kababu kimoja kimoja, usikoroge dakika 5 za mwanzo. Dakika 15 zinatosha.

Badala ya viazi mimi naweka kabichi na mung'unye, halafu mchicha mwishoni kabisa. Ukitaka ishibishe zaidi, tui zito nusu kikombe, moto ukiwa mdogo lisije likakatika. Ndimu mezani.

Ila kama mzee anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, tafadhali mwambieni daktari wake kwamba mmepunguza wanga. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi.