Watu wanne kwa kila kituo

Swali lenu la wiki hii limeuliza, mtu aliyechoka na vyama viwili vikubwa akimpigia kura mgombea wa tatu, ametupa kura yake? Jibu langu ni hapana, angalau kwa kiti cha urais hapa Kenya, na nataka nieleze kwa hesabu juu hii maneno ya "usitupe kura" nimeisikia mpaka nimechoka na wengi wanaoisema hawajawahi kukaa chini wasome vile Katiba yenyewe inasema.

Kwa wazee wetu hofu hii ilitoka uchaguzi wa 1992. Kuna mzee fundi wa viatu hapa Umoja, Nairobi, kila nikigusia mgombea wa tatu ananiambia "msichana wangu, sisi tulijaribu hiyo yenu", na ukimpa nafasi anakutajia mpaka asilimia: Moi alirudi Ikulu na kama 36, Matiba akapata 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Waliomkataa Moi walikuwa wengi kuliko waliomtaka, na bado akaapishwa. 1997 ikawa hivyo tena, Moi na 40 hivi, mpaka 2002 ndio wapinzani wakaungana chini ya muungano wa NARC, Kibaki akapita na zaidi ya 60. Mtu aliyeona hayo yote na macho yake siwezi kumlaumu. Lakini baba, nikamwambia, sheria ya siku zile haikudai nusu ya kura, ukiongoza na upate robo ya kura kwa mikoa mitano kati ya minane basi wewe ni rais. Hiyo sheria tuliizika 2010.

Wengine, hasa wa umri wangu, hofu yao wameitoa Marekani kwa simu. Huko ni kweli inauma, Florida mwaka 2000 Bush alimshinda Gore kwa kura 537 tu na Ralph Nader alikuwa na zaidi ya 97,000 jimbo hilo hilo. Karibu majimbo yote huko anayeongoza, hata kama hajafika nusu, anabeba wajumbe wote wa jimbo, na hao wajumbe ndio wanachagua rais. Ross Perot 1992 alipata karibu kura 19 kwa kila 100 nchi nzima na hakutoka na mjumbe hata mmoja. Sasa sisi tunachukua hofu yao na hatujachukua sheria yao.

Sheria yetu ni kipengele cha 138. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura kwa kaunti 24, akikosa wawili wa juu wanarudi kwa debe ndani ya siku 30. Kwa hivyo kura ya mgombea wa tatu haimpeleki adui yako Ikulu, inamzuia kila mtu kufika mpaka mrudi tena.

Hebu angalieni 2022. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Piga hesabu, Ruto alipita nusu kwa kura kama elfu 70 hivi. Kama watu wengine laki moja na elfu 40 wangetoka nyumbani wakawapigia hao wawili wa chini, tungeenda duru ya pili. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya uone, ni watu watatu na ushee kwa kituo, tuseme wanne. Na waliojiandikisha wakakaa nyumbani siku hiyo walikuwa zaidi ya milioni saba na nusu, yaani zaidi ya 160 kwa kila kituo ukifanya wastani. Wanne kati ya 160!

Mimi mwaka huo nilikuwa ajenti kwa shule moja ya msingi huku Eastlands, nililala hapo hapo kwa deski. Sanduku la kifuniko cheupe, la kura za urais, ndio lilifunguliwa kwanza, msimamizi anainua karatasi moja moja juu anatuonyesha sisi maajenti anataja jina, mnakubaliana, inaenda kwa rundo lake. Marundo mawili yalikuwa yamesimama. Halafu kulikuwa na karatasi kadhaa pembeni, mtu ameweka alama kwa wote wanne, mwingine amechora mstari mrefu kutoka juu mpaka chini. Hizo hazikuwa za mtu asiyejua kusoma, ni za mtu aliyekasirika. Amepanga laini tangu asubuhi aje kusema amechoka na wote.

Na hapa ndio naomba watu wanisikilize vizuri. Mahakama ya Juu ilisema 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwa hesabu ya ile nusu. Maana yake ukiharibu kura kwa hasira, ama ukibaki kitandani, umempunguzia anayeongoza idadi anayohitaji. Kura hiyo hiyo ukiipa jina la tatu umempandishia. 2022 zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya laki moja, hasira yote hiyo ikaenda bure.

Sababu ya kuchoka sihitaji kuwaeleza sana. 2018 tuliona handshake, Uhuru na Raila waliokuwa wapinzani wakapatana. 25 Juni 2024 vijana wenzetu walipigwa risasi nje ya Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha na kabla miezi miwili iishe vigogo wa ODM, chama cha Raila, Mbadi, Joho, Oparanya, Wandayi, wanaapishwa mawaziri, Machi 2025 mkataba wa ODM na UDA, chama cha Ruto, ukatiwa sahihi kabisa pale ukumbi wa KICC. Tuliambiwa tuchague kati ya pande mbili na pande mbili zikakula meza moja. Kwangu hilo ndilo liliniuma kuliko hata kushindwa.

Duru ya pili ndio dawa naona iko karibu. Saa hii viongozi wanapatana kabla hata hujapiga kura, viti vinagawanywa hotelini na wewe unaletewa karatasi imeshaiva. Kukiwa na mgombea mwenye asilimia tano ama sita zake, wale wawili watamtafuta baada ya watu kusema, na atawauliza mbele ya wote, kodi mtafanya nini, waliouawa mtafanya nini. Wasiwasi wa fujo nauelewa, hii nchi 2007 haijasahau, lakini siku 30 zimeandikwa kwa Katiba, sio dharura.

Kwa ugavana, ubunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi, mambo ni mengine. Huko ni anayeongoza tu, hakuna nusu, na ukigawanya kura unaweza mpitisha yule humtaki kabisa. Huko fundi wangu wa viatu yuko sawa na mimi nitapiga nikiangalia nani ana nafasi.

Lakini na hao wa tatu wana deni. Mudavadi alipata karibu asilimia nne 2013, leo yuko serikalini na UDA. Martha Karua alisimama mwaka huo huo, 2022 akawa mgombea mwenza wa Raila. Wanakuja miezi sita kabla, bila ofisi mtaani, bila mtu wa wadi, halafu wakishindwa wanaingia kwa nyumba kubwa. Wadi ni 1,450 nchi nzima. Anayetaka kura yangu ya urais Agosti 2027 aanze kunionyesha mgombea wake wa MCA hapa Umoja, mtu tunayemjua, na aje saa hii bado mapema.