Kabla ya kuwaza kituo cha watoto kazini, tazama ratiba yako

Mkuu, kama nimekuelewa, una wafanyakazi ishirini hivi, karibu nusu yao wana watoto wadogo, hela ya kufungua kituo cha kulelea watoto hapo kazini huna, na unauliza uanzie wapi. Nimewahi kuwa mzazi wa kuomba ruhusa, na sasa mimi ndiye ninayeombwa, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Anza na ratiba. Kilichokuwa kinanitoa jasho ni zamu zinazobandikwa ukutani Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu. Yaya hapatikani namna hiyo, naye ana mambo yake. Ukimpa mtu zamu zake wiki mbili kabla, hujatoa hata senti na umempunguzia nusu ya mawazo. Mimi siku hizi huzitoa wiki tatu kabla, na wanaotaka kubadilishana wanamalizana wenyewe, wananiarifu tu.

Vikao navyo. Tulikuwa na bosi aliyependa kuita kikao saa kumi na nusu jioni, "dakika kumi tu jamani". Saa kumi na moja mlezi wa mwanangu anataka kuondoka. Nilikuwa nakaa karibu na mlango, mkoba nimeupakata, simu inatetemeka ndani yake, na ukiniuliza kilichojadiliwa sijui. Nilipopewa usimamizi nikafuta vikao vyote vya baada ya saa tisa. Walionishukuru zaidi ni wasio na watoto.

Sasa kunyonyesha, na hapa nitakaa kidogo. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Piga hesabu: mama anarudi kazini mtoto ana miezi mitatu na ushee, nusu ya safari bado. Ndiyo maana mkataba huohuo unataka apewe muda wa kunyonyesha kila siku, na muda huo uhesabiwe kuwa ni wa kazi na ulipwe.

Mimi nilirudi na pampu kwenye begi, nikaonyeshwa choo. Nilikamua nimesimama, nimeegemea mlango kwa mgongo maana komeo lilikuwa bovu. Halafu siku moja mtu alitoa chupa yangu kwenye friji apate pa kuweka soda, nikaikuta mezani jioni. Maziwa yaliyokamuliwa hustahimili kama saa nne tu yakiwa nje ya friji, na hayo yalikuwa pale tangu asubuhi. Niliyamwaga kwenye sinki huku nalia, sioni haya kusema. Wenzangu wawili baada yangu walimwachisha mtoto mapema kuliko walivyotaka. Kumbe kilichotakiwa ni kichumba chenye mlango unaofungika, kiti, soketi, maji ya kunawa karibu, na rafu moja ya friji isiyoguswa na mtu. Stoo ikisafishwa inatosha kabisa.

Mtoto akiugua: tenga siku chache za kuuguza, mbali na likizo ya mwaka, na usidai cheti cha daktari kwa homa ya usiku mmoja. Mtu akijua atakatwa mshahara, atakuambia anaumwa yeye.

Na tafadhali usiwaite akina mama peke yao. Mwenzetu mmoja aliomba ruhusa ampeleke mtoto chanjo, akaulizwa mbele za watu, "Kwani mkeo yuko wapi?" Tangu hapo akawa anaaga kwamba anapeleka gari gereji. Gari lile liliharibika sana mwaka ule! Mkataba Na. 156 wa Shirika hilohilo la Kazi, wa mwaka 1981, unawataja wafanyakazi wanaume na wanawake wenye majukumu ya familia, wote sawa. Kwa vitendo, mabosi wanaume wakichukua likizo yao ya uzazi, vijana nao watachukua.

Ukipata hela kidogo, changia ada ya malezi na umwachie mzazi achague mahali. Wengi wangependa karibu na nyumbani kuliko kubanana na mtoto kwenye usafiri alfajiri.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Nilitenga kona ya watoto ofisini, mkeka, midoli, rangi ukutani. Hakuna aliyeleta mtoto, na haikupita muda ikajaa maboksi ya karatasi. Ndipo nikauliza, jambo ambalo ningelifanya mwanzo, nikaambiwa kinachowaumiza ni zamu za Jumamosi, kwa sababu siku hiyo walezi wao hawafanyi kazi. Tukazigawa upya, wasio na watoto wakachukua nyingi kwa kubadilishana na siku nyingine wanazozitaka wao. Midoli ilibaki kwenye boksi.