Ukimpeleka mgonjwa hospitali inayojengwa, ulizia njia kwanza

Halati yangu, ndugu wa kike wa mama, alianza kutibiwa saratani ya matiti mwaka jana, na kazi ya kumpeleka kliniki nikaishika mimi kwa kuwa wanawe wote wako mbali. Tunatoka Likoni, Mombasa. Tunavuka feri na watu wa kazini, tukifika ng'ambo tunapanda tuktuk mpaka hospitalini. Safari tatu za mwanzo zilitosha kutufanya tuijue njia hata gizani. Safari ya nne tulikuta lango letu limezibwa kwa mabati, na nyuma ya mabati sauti ya mashine inayovunja zege.

Askari alitunyooshea mkono tu: zungukeni kule. Kule kulikuwa na ujia mrefu kati ya jengo la zamani na ukuta unaobomolewa, na vumbi jeupe limetanda kama ndani ya kinu cha kusaga mahindi. Nilimfunika halati pua kwa mtandio wake, nikamshika mkono, tukapita. Katikati akaniambia, "Mwanangu, hebu tusimame nikohoe." Tukasimama, papo hapo kwenye vumbi.

Tulipofika, muuguzi aliyatazama mabega ya halati, akauliza, "Mmempitisha wapi huyu?" Nikamweleza. Hakunigombeza. Alinivuta kando akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na ndilo linaloniandikisha haya leo.

Kuta za zamani, dari na udongo unaochimbwa huwa na mbegu za kuvu. Kuna kuvu mmoja aitwaye Aspergillus, yuko kila mahali, na sote tunavuta mbegu zake kila siku bila kudhurika. Ukuta ukivunjwa mbegu hizo hupeperuka kwa wingi. Ni ndogo mno: mbegu moja ina upana wa maikroni 2 au 3 hivi (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), wakati unywele wa mtu unakaribia 70. Kwa udogo huo zinateremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwenye afya mwili wake unazimaliza. Lakini mtu ambaye dawa za saratani zimemshusha chembe nyeupe za damu hana askari wa kutosha wa kuzikabili, na kuvu huyo akimea mapafuni anaweza kuua. Mara nyingi chembe hizo hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kupewa dawa. Halati siku ile alikuwa siku ya kumi, ameitwa kupimwa damu. Na ule mtandio niliouamini, mbegu za namna hiyo zinapenya katikati ya nyuzi zake.

Sikulala usiku ule. Alhamdulillahi halati hakupatwa na neno, lakini tangu hapo sijampeleka tena hospitali bila kujua kwanza tutapita wapi.

Si kila mgonjwa anahitaji hadhari kubwa kama hii. Anayeihitaji zaidi ni yule anayetibiwa saratani, hasa ya damu, aliyepandikizwa figo, anayemeza kwa muda mrefu dawa za steroidi, ambazo hushusha kinga ya mwili, na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake. Mwenye pumu naye vumbi litambana kifua palepale. Ikiwa mgonjwa wako ni mmoja wao, mwambie daktari au muuguzi wazi kwamba hospitalini kunajengwa, umuulize: kuna njia isiyopita kwenye kazi? Je, damu inaweza kupimwa mahali pengine, au siku ikasogezwa? Usione haya. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa, na kuuliza mlango hakuhitaji hata ujasiri mwingi hivyo.

Simu za hospitali mara nyingi haziokotwi. Mimi hufanya hivi: siku moja kabla nakwenda peke yangu. Najua ni nauli nyingine na asubuhi nyingine imekwenda, lakini afadhali nipotee mimi mzima kuliko kupotea na mgonjwa. Naangalia lango lipi liko wazi leo (maana hubadilika, lililofungwa Jumatatu laweza kuwa ndilo la kupita Alhamisi), lifti ipi inafanya kazi, maabara na famasia zimehamishiwa wapi, na kiti cha magurudumu kinapita au kuna ngazi na kokoto. Usiwaulize askari peke yao. Waulize akina mama wanaosafisha, wao wanazijua njia zote. Usipoweza kwenda, tafuta jirani aliyekwenda wiki hiyohiyo, kwani habari ya mwezi uliopita haikufai.

Tuktuk nayo mwelekeze dereva kabla ya kupanda. Ukimwambia jina la hospitali tu atakushusha alikozoea.

Kuhusu saa, nenda mapema kabla mafundi hawajashika kazi. Ila mashine zikinyamaza saa saba wakienda kula, usidhani hewa imeshasafika. Vumbi zito linaanguka chini, lile laini hubaki likielea kwa muda mrefu, na hilo laini ndilo baya.

Halafu upepo. Sisi wa pwani tuna bahati ya kuujua. Mabaharia wana upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Mkisubiri nje, mkalishe mgonjwa joshini mwa jengo linalovunjwa. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ardhi imekauka na vumbi halishikiki. Ikija masika vumbi linatulia, lakini matope yanaingizwa kwa viatu mpaka kwenye vigae, na nimeona mzee akiteleza mlangoni mwa eksirei kwa sababu hiyo. Mvulie mgonjwa kandambili, mvalishe viatu vyenye meno.

Barakoa ya kawaida ya buluu haibani usoni, hewa huingia pembeni. Ile ya N95 huzuia walau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, lakini lazima ikae sawasawa, na kwa mwenye ndevu haibani. Isitoshe inaufanya uvutaji pumzi kuwa mzito, kwa hiyo mwenye shida ya kifua aulize daktari kwanza. Mimi huongeza leso moja kuukuu. Namfunika halati kichwa na mabega tunapopita nje, tukifika kwenye mlango wa wodi naitoa taratibu, naikunja upande wa vumbi ndani na kuitia mfukoni. Siikung'uti pale.

Na hapa nawaomba nyote mnaokwenda kutazama wagonjwa. Joto la Mombasa linatufanya tuegemeze mlango wa wodi kwa stuli ili upepo uingie. Hospitali ikiwa kwenye mjengo, funga huo mlango. Lile pazia la nailoni ambalo mafundi wamelibandika kwa gundi limewekwa kwa sababu, na ukilipenya ili ufupishe njia, vumbi lote linakufuata hadi kitandani kwa mtu asiyekujua. Watoto waache nyumbani. Chakula kiwe kwenye hotipoti iliyofungwa, si sahani iliyofunikwa gazeti, na maji ya kunywa yatoke nyumbani, maana mabomba yakikatwa na kuunganishwa maji hutoka na kutu na mengineyo.

Wenye mimba nawasemea peke yao. Binti wa jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Tuktuk ilizunguka hospitali mara mbili ikitafuta lango, na mara zote mbili ikakutana na mabati na giza. Alijifungua salama, dakika chache tu baada ya kufikishwa. Ukienda kliniki ya mwezi wa nane wa mimba, uliza mlango wa usiku ni upi, umpeleke mumeo au mamako akauone kwa macho yake.

Baada ya safari yoyote iliyopita kwenye vumbi, mtazame mgonjwa wako siku zinazofuata. Kwa anayetumia dawa za saratani, joto likifika 38 au kuzidi, usingoje kupambazuke wala usimpe panadol ukatulia. Rudi hospitalini saa hiyohiyo, na uwaambie dawa alipewa lini na vumbi mlipita lini. Nunua kipimajoto. Cha halati tunakiweka kwenye mkoba mmoja na kadi yake ya kliniki.

Juzi tulikwenda kwa dawa ya mwisho. Njia niliyoipata siku iliyotangulia ilipita nyuma, karibu na jikoni, ndefu maradufu, ila ina kivuli na hewa yake safi. Halati alitembea polepole. Hakukohoa.