Kwa mnaoanza kazi na Wahadzabe wa Yaeda

Ukiajiriwa na shirika la mazingira ukapelekwa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, usianze na semina wala miche. Anza na ramani ya kijiji. Pori lile halikupungua kwa kuwa Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula, hawajui kulitunza. Asali, mizizi, ubuyu na nyama vyote vinatoka humo. Lilikuwa likimegwa: shamba linasogea huku, ng'ombe wanaingia kule, na mwenyewe hana karatasi ya kuonyesha.

Karatasi ilipatikana 2011. Kwa msaada wa UCRT (Ujamaa Community Resource Team), shirika linalosaidia jamii kulinda ardhi zao, walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, si ya mtu mmoja mmoja, kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Sasa sikiliza hapa, maana wageni wengi wanateleza: shirika halitoi hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, anayetoa ni halmashauri ya kijiji, tena baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano huo ndio kazi yenyewe. Ajenda iandikwe, mahudhurio yawe na tarehe, asiyeandika aweke dole gumba. Karatasi moja ikikosekana faili linarudi, na kuitisha watu upya si kazi ya wiki.

Halafu, Wahadzabe hawana chifu. Usimtafute mzee mmoja akusainie huku dereva kaacha gari linanguruma. Kuna walio kambi za mbali; subiri wafike. Kina mama waongee wenyewe, kwani ndio wachimbaji wa mizizi na ndio watakaokuambia kilima gani kisiachwe nje ya mpaka.

Majirani nao wasisahaulike. Wadatoga wanatafuta malisho kiangazi, Wairaqw wanalima pembezoni. Tembeeni mpaka pamoja kwa miguu, wazee wa pande zote wakubaliane, ndipo jipiesi (GPS), kifaa cha kupima mpaka, iwashwe. (Posho mzijadili kabla ya kuondoka, si mkiwa porini.)

Siku hizi kuna fedha za kaboni, yaani malipo ya kulinda msitu usikatwe, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Zinalipa walinzi wa jamii na kusaidia elimu na matibabu. Ni jambo zuri, ila mapato na matumizi yasomwe hadharani mkutanoni. Na kama bado huwezi kumweleza bibi wa kambini kwa nini kuna mtu ng'ambo analipia mti usikatwe, mkataba ubaki kwenye begi kwanza.