Jazz ya Zamani, Jaketi Jipya: Maswali na Majibu

Rekodi za jazz za kuanzia 1917 hadi miaka ya 60 zinazidi kurudi sokoni katika matoleo mapya, na wasomaji wa Lamu na Malindi wanatuuliza kama wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Toleo jipya si kosa. Wengi wetu tusingewasikia mabingwa hawa bila matoleo hayo. Linalotuudhi ni jaketi, yaani kasha la santuri, linaloficha sauti ilikotoka.

Assalam aleikum. Mwitaliano mmoja aliyehama hapa Malindi aliuza vitu vyake, nami nikanunua LP, santuri kubwa ya nyimbo nyingi, ya mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Nyimbo ni za 1926 hadi 1928, lakini jaketi limeandikwa "Stereo" kwa herufi kubwa. Inawezekana? — Msomaji, Malindi

Waaleikum salaam. Haiwezekani. Armstrong alirekodi nyimbo hizo kwa kampuni ya OKeh, nyingi zikiwa Chicago, na zote zilichongwa kwa chaneli moja. Alan Blumlein aliomba hataza ya sterio Uingereza mwaka 1931, na LP za sterio zikaingia madukani kwa wingi 1958. Wenye maduka walipoanza kukataa mono, yaani sauti ya chaneli moja, kampuni zilizokuwa na hazina ya rekodi za zamani zikatafuta njia ya mkato. Waliichukua sauti moja wakaigawa: besi ikapelekwa upande mmoja, sauti nyembamba upande wa pili, kisha upande mmoja ukacheleweshwa kidogo sana ili sikio lidhani kuna upana. Wengine waliongeza mwangwi juu yake. Kampuni ya Capitol waliiita Duophonic, na lebo nyingine, yaani kampuni za rekodi, ziliandika kwa herufi ndogo nyuma ya jaketi kwamba sauti "imeandaliwa upya kielektroniki". Soma nyuma ya jaketi lako kwanza.

Kama hakuna maandishi, pima. Ingiza wimbo kwenye kompyuta ukitumia Audacity, programu ya bure. Tenganisha chaneli mbili ziwe mono mbili, chagua moja, tumia amri ya Invert kuligeuza wimbi lake, halafu zichanganye. Mono ya kweli itajiua yenyewe: muziki utafifia sana na utabaki mchakacho wa santuri. Sterio ya kughushi itabakiza tarumbeta iliyo hai, au mwangwi unaoelea bila mpigaji. Hakikisha kwanza chaneli zote mbili zina nguvu sawa, maana sindano iliyokaa upande hubakiza muziki hata kwenye mono halisi.

Ukishajua ni ya kughushi, usibonyeze kitufe cha mono ukadhani umetengeneza. Ule ucheleweshaji utafanya baadhi ya sauti zifutane, na klarineti itasikika kama imo ndani ya bomba. Sikiliza chaneli moja peke yake, ile iliyojaa zaidi, na uinakili hiyo pande zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya hata wajuzi. Tarehe 3 na 9 Februari 1932 bendi ya Duke Ellington ilirekodi kwa kampuni ya Victor huku mashine mbili za kuchonga zikifanya kazi pamoja, kila moja na maikrofoni yake. Zilitoka santuri mbili za upigaji uleule, zikiwa na namba tofauti. Miaka ya 80 wakusanyaji Brad Kay na Steven Lasker waligundua kwamba nakala hizo zikioanishwa kwa uangalifu zinatoa sterio halisi. Kwa hiyo ukiona "Ellington 1932, stereo", soma tarehe kabla ya kucheka.

Ndugu yangu aliye Marekani kaniletea pleya na LP kadhaa mpya za jazz. Natumia transfoma, lakini kila santuri inasikika nzito na ya uvivu. Je, matoleo haya yamerekodiwa kwa mwendo usio sahihi? — Msomaji, Langoni, Lamu

Kabla ya kuilaumu santuri, tazama mota. Transfoma hubadilisha volti tu, kutoka 240 zetu hadi 120 zao. Masafa ya umeme hayabadiliki: Marekani ni hetsi 60, Kenya ni hetsi 50. Kama mota ya pleya yako inafuata masafa ya umeme, santuri ya mizunguko 33⅓ inazunguka chini ya 28 kwa dakika, na sauti inashuka zaidi ya nusu toni tatu. Ndiyo uzito unaousikia. Dawa ni kubadilisha puli ya mota iwe ya hetsi 50, kama mtengenezaji aliitoa, au kutumia kifaa kinachozalisha umeme wa hetsi 60. Pleya zinazoendeshwa na adapta ya umeme wa moja kwa moja hazina ugonjwa huu.

Baada ya hapo pima kwa karatasi ya mistari ya kukagulia mwendo. Kwa umeme wetu duara la 33⅓ lina mistari 180, na la 78 lina mistari 77. Imulike kwa taa ya neoni, au balbu ya waya ya zamani; mwendo ukiwa sahihi, mistari itaonekana imesimama. Balbu nyingi za LED hazimetimeti inavyotakiwa, na mistari haitaonekana kusimama.

Mota ikiwa sawa na bado una shaka, basi shaka yako ina msingi. Mfano unaojulikana zaidi ni albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis. Katika kipindi cha kwanza, 2 Machi 1959, mashine ya kanda iliyotoa kanda kuu ilikuwa ikienda polepole kuliko ilivyopaswa. Kanda hiyo ilipochezwa kwa mwendo sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikapanda juu kidogo. Zilibaki hivyo hadi 1992, mhandisi Mark Wilder alipotumia kanda ya akiba iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine. Wanamuziki waliojaribu kupiga pamoja na LP ndio waliosumbuka zaidi, wakidhani ala zao ndizo zimeharibika.

Kwa santuri za 78 za kabla ya 1930, namba 78 ni kadirio. Kuna zilizochongwa karibu na 70, na lebo fulani ziliandika wazi 80. Nusu toni moja ni kama mizunguko minne na nusu. Wapulizaji wa tarumbeta na klarineti wa enzi hiyo walipendelea funguo za F, B-bemoli, E-bemoli na A-bemoli. Toleo linalokufanya uwasikie wakipiga kwa B au E wimbo mzima linastahili kupimwa upya.

Nina matoleo mawili ya King Oliver ya 1923. Moja ni safi kabisa lakini limepoa. Jingine linachakacha lakini koneti, ile ndugu ya tarumbeta, inauma. Lipi ni la kweli? — Msomaji, Shela

Linalochakacha, karibu kila mara. Oliver na bendi yake, Armstrong akiwa koneti ya pili, walirekodi Aprili 1923 katika studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, mbele ya pembe la bati, bila maikrofoni. Kurekodi kwa umeme kulianza 1925. Pembe lilipitisha sauti chache sana za juu, na chache hizo ndizo zinazobeba ukali wa mdomo wa koneti. Ziko mahali palepale penye mchakacho wa shelaki, utomvu uliotengenezea santuri za zamani. Mashine ya kusafisha ikiamriwa kuufuta mchakacho wote, inafuta na pumzi ya mpulizaji.

Kwenye Audacity badilisha mwonekano uwe Spectrogram, mchoro unaoonyesha sauti za chini hadi za juu. Ukiona giza limekatwa kama kwa panga juu ya hetsi 5,000, mtu amechuja. Ukisikia mlio wa majimaji, kama kengele ndogondogo, mwishoni mwa noti, programu ya kusafisha imezidishwa. Na ukiona ukuta kwenye hetsi 16,000, hasa katika rekodi za miaka ya 50 zilizotoka kwenye kanda, kuna uwezekano mkubwa chanzo chake ni MP3, hata kama umeuziwa santuri nzito ya gramu 180.

Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki 2004, aliheshimiwa na wakusanyaji kwa sababu alianza na kutafuta nakala bora ya santuri na sindano inayolingana na mfereji wake, akaondoa mipasuko mmoja mmoja. Kazi kubwa ilifanyika kabla ya kusafisha. Ukiliona jina lake nyuma ya jaketi, nunua.

Shikamoo. Nimenunua Coltrane Time kwa sababu nampenda John Coltrane, lakini piano ndiyo inayoongoza mambo yote. Nimekosea kusikia? — Mwanafunzi, Malindi

Marahaba mwanetu, sikio lako ni zima. Ilirekodiwa Oktoba 1958 chini ya mpiga piano Cecil Taylor, na ilitoka kwanza kwa jina la Taylor kama Hard Driving Jazz. Coltrane alikuwa mgeni. Jina la Coltrane lilipokuwa kubwa, kampuni ya United Artists waliitoa tena 1962 na jina lake mbele. Hata albamu ya Dakar, iliyotolewa na kampuni ya Prestige 1963, ilirekodiwa Aprili 1957 na kundi lililoitwa Prestige All Stars, na mwanzoni ilikuwa nusu ya LP ya mizunguko 16 iliyohusu saksafoni za baritoni na honi za Kifaransa. Muziki ni uleule, na ni mzuri. Aliyedhulumiwa ni Taylor. Usitazame mwaka wa kutolewa, tafuta tarehe ya kurekodiwa. Pengo la miaka minne au mitano ni ishara ya kuchunguza jina la kwanza la albamu.

Makofi katika albamu ya tamasha, Ellington at Newport, ni ya kweli? — Msomaji, Mkomani

Katika toleo la 1956, sehemu yake tu. Baada ya tamasha la 7 Julai bendi iliingia studio ikarudia sehemu kadhaa, na makofi yakapachikwa. Paul Gonsalves alipiga zile duru zake 27 za saksafoni akiielekea maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya Columbia, kampuni iliyokuwa ikirekodi albamu, ndiyo maana anasikika yuko mbali. Kanda ya redio ilipopatikana, tamasha halisi likatolewa 1999. Nunua hilo.

Kwa nini jazz ya miaka ya 50 imejaa kwa bei rahisi, kutoka lebo za Ulaya nisizozijua? — Msomaji, Malindi

Kwa sababu ya sheria. Ulaya ililinda rekodi kwa miaka 50. Muda uliongezwa hadi 70 kuanzia 2013, lakini zilizotolewa kabla ya 1963 zilikuwa zimeshatoka nje ya ulinzi na hazikurudishwa. Yeyote huko anaweza kuzichapisha bila kugusa kanda ya asili, hivyo wengi hunakili kutoka CD. Sheria inawaruhusu. Haiwafanyi wawe na chanzo kizuri. Tafuta maneno yanayotaja kanda na mhandisi kwa jina. "Ubora wa hali ya juu" na "gramu 180" haviambii lolote kuhusu chanzo.

Hata maneno yanayotaja kanda yana mtego wake. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilijijengea jina kwa kuuza santuri "kutoka kanda kuu ya asili". Mwaka 2022 ilikiri kwamba tangu 2011 ilikuwa ikipitisha nyingi kwenye faili ya kidijitali, baada ya mwenye duka la santuri wa Phoenix, Mike Esposito, kuliibua jambo hilo. Sauti yenyewe wengi waliisifu. Kosa lilikuwa kuwaacha wanunuzi waamini jambo ambalo halikuwepo.

Muuzaji anasema santuri yake ya lebo ya Blue Note ni ya toleo la kwanza kabisa. Nitajuaje? — Msomaji, Lamu

Acha jaketi na lebo ya katikati. Matoleo ya Japani huziiga hadi anwani ya mtaa. Tazama sehemu nyororo iliyo kati ya mwisho wa mfereji na lebo. Herufi RVG ni za mhandisi Rudy Van Gelder, lakini zimo pia kwenye santuri zilizochapishwa baadaye kwa mihuri ileile. Unachotafuta ni alama ndogo ya mkono inayofanana na sikio, ya kiwanda cha Plastylite, ambacho kiliacha kuichapishia Blue Note mwaka 1966. Albamu ya 1958 isiyo na sikio, au yenye jina la Liberty, kampuni iliyoinunua Blue Note, kwenye lebo, si ya kwanza.

Nyumbani tuna santuri za HMV za Siti binti Saad. Nataka kuzilinganisha na nyimbo zinazouzwa mtandaoni. Mpwa wangu anataka kuzisafisha kwa spiriti. — Dada wa Mkomani, Lamu

Mzuie leo hii. Spiriti huyeyusha shelaki; mafundi wa milango wanaijua vizuri. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, lita moja na tone moja la sabuni ya vyombo, na brashi laini inayofuata mfereji. Usiloweshe lebo. Futa, kisha simamisha kivulini.

Siti alianza kurekodiwa Bombay 1928, kwa hiyo hizi ni santuri za umeme na chaneli moja. Sindano ya LP, yenye ncha ya mikroni 18 hadi 25, huzama chini ya mfereji na kuburuta uchafu. Tafuta ya mikroni 76 na uzito wa gramu tatu hadi tano. Rekodi chaneli zote mbili kisha zichanganye ziwe mono: mchakacho wa wima hupungua bila kugusa sauti ya Siti. Hifadhi faili la WAV la biti 24 ambalo halijachujwa, halafu safisha nakala yake. Katika jina la faili andika namba ya lebo, namba iliyogongwa kwenye sehemu nyororo, upande, mwendo uliotumia na ukubwa wa sindano. Ile namba iliyogongwa ndiyo utakayoilinganisha na ya mtandaoni. Kama muuzaji haionyeshi, mwandikie umuulize amenakili kutoka santuri gani.