Mume wangu anataka binti yetu ahamie shule ya kanisa, na mimi ni mwalimu wa serikali

*Shangazi, nafundisha shule ya serikali, na binti yetu wa darasa la nne anasoma hapo hapo. Mwezi uliopita alimwuliza baba yake kama ni kweli Mungu ni hadithi ya kutishia watoto. Kaambiwa na mwenzake wa dawati moja. Tangu siku hiyo mume wangu hana amani. Anataka tumhamishie shule binafsi ya Kikristo, na kwa kuwa ada hatuna, anasema tukope. Nikipinga, ananiambia nathamini kazi yangu kuliko roho ya mtoto. Mama mkwe naye kaingia. Nifanyeje? – Mwalimu Njia Panda* (Barua nimeifupisha.)

Mwalimu wangu, pole. Hilo neno la roho ya mtoto ndilo lililokuchoma kuliko ada. Mumeo akisema shule ya serikali haifai, wewe unasikia kwamba wewe ndiye hufai. Ndiyo maana kurasa mbili nzima za barua yako ni utetezi wa walimu wenzako, na swali la binti limepata mistari miwili.

Tuanze na hilo swali. Mlimjibu nini? Hukuniandikia, nami nahisi hakuna aliyemjibu. Mtoto kaja na swali zito kwa baba yake kwa sababu anamwamini, baba akaanza kutafuta shule. Huko kwenye shule ya kanisa swali hilo hilo litamfuata, maana watoto wa wachungaji nao wana midomo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linamwagiza mzazi ayanene maneno ya Mungu kwa wanawe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani". Kazi hiyo hailipiwi ada, na haina likizo. Danieli naye alisomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo katika jumba la mfalme wa Babeli, na hakuacha kusali. Mumeo atakujibu kwamba Danieli alikwenda huko akiwa kijana aliyekwisha kulelewa. Hapo ana hoja, usimkatize.

Na ana haki pia. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Linasema wazazi, kwa hiyo na wewe umo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka hata mtoto mwenyewe asikilizwe, kwa kadiri ya umri wake. Je, kuna aliyemwuliza binti kama anataka kuachana na rafiki zake?

Kuhusu ufaulu, ambao najua mama mkwe kautaja, nenda polepole. Mwaka 1982 mwanasosholojia wa Marekani, James Coleman, na wenzake walitoa matokeo yaliyoonyesha wanafunzi wa shule za Kikatoliki wakiwapita wa shule za umma, na wataalamu wakabishana miaka mingi. Vipimo vya PISA, vinavyopima wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi tangu mwaka 2000, vimeonyesha kwamba ukizingatia hali ya maisha ya nyumbani, sehemu kubwa ya pengo kati ya shule binafsi na za umma huyeyuka. Shule inayochagua nani aingie imeshapata nusu ya ushindi kabla kengele haijalia.

Sasa fanyeni hivi. Nendeni wote wawili kwenye hiyo shule, siku ya kawaida ya masomo, msingoje siku ya wageni. Ombeni daftari la hesabu la mtoto yeyote wa darasa la nne. Wewe unajua kulisoma: je, mwalimu kapiga tiki ukurasa mzima hata pale mtoto aliposahau kubeba moja, au kamwonyesha alipopotea? Ulizeni mtoto anayebaki nyuma wanamfanyaje. Wakisita, au wakisema wazazi wake "hushauriwa" kutafuta kwingine, mtakuwa mmejua matokeo mazuri yanatoka wapi. Ulizeni kama shule imesajiliwa, kama wakaguzi hufika, na somo la sayansi linafundishwaje. Mkikuta walimu wanaomjua kila mtoto kwa jina na sala isiyo ya vitisho, kiri mbele ya mumeo kwamba umeiona. Zipo shule za namna hiyo, na nyingine ni nzuri sana.

Ila mkopo, hapana. Hapo sina maneno mawili. Ukimaliza kulipa wa mwaka huu, wa mwaka ujao uko mlangoni, na binti ana miaka mingi ya kusoma. Kama shule ina punguzo au ufadhili, ombeni. Kama haina, abaki alipo, na jioni baba yake akae naye wasome Biblia pamoja, aulize atakayo.

Mama mkwe mwachie mwanawe. Ukimjibu wewe itakuwa vita. Akijibiwa na mwanawe ni mazungumzo. Na usiku wa leo, kabla ya hoja ya shule kuanza tena, mwambie mumeo: "Baba, lile swali la mtoto bado halijajibiwa. Twende tukamjibu."