Umekuwa mtani wao lini?

Kila mwaka kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi kinapokea vijana wapya, na karibu wote huja na sifa moja: mtaani kwao wanajulikana kwa kuchekesha. Nafurahi wanapokuja. Ila nataka wajue mapema kwamba kumchekesha rafiki yako kijiweni ni kazi moja, na kumchekesha mtu aliyekaa mstari wa nane, asiyekujua wewe wala kwenu, ni kazi nyingine kabisa. Kijiweni ruhusa ya kutaniana ilishatolewa zamani. Ukumbini unaiomba upya kila jioni.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikulia Morogoro, na nilipohamia Moshi nikaingia kwenye maigizo, wenzangu wengi walikuwa Wachaga. Mazoezini walikuwa na ule mzaha wa siku zote juu ya watani wao Wapare, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kila ulipotolewa, watu walicheka. Miezi michache baadaye tukaitwa kutumbuiza kwenye sendofu huko Pasua, na familia ya binti ilikuwa imetoka Usangi, huko Upareni. Nikapanda jukwaani, nikautoa mzaha ule ule kwa sauti ile ile. Ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia kijiko kikigonga sahani. Shughuli ilipoisha, mzee mmoja akaniita pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, umekuwa mtani wetu lini?"

Swali hilo sijaliacha mpaka leo. Mzaha wangu haukuwa na kasoro ya ufundi. Maneno yalikuwa yale yale, pumzi ile ile. Kilichokosekana ni undugu. Utani wetu ni uhusiano wenye haki na wajibu. Mchaga anayemsema Mpare anajua kesho zamu ni yake, atasemwa kwa kupenda pesa, na atatakiwa anyamaze au acheke. Nikiwa mtoto, kwenye msiba wa babu yangu, niliona mtani wa ukoo akijilaza ndani ya kaburi akisema hatoki mpaka alipwe, maana kule chini ni baridi na babu alikuwa na deni lake. Shangazi yangu alikuwa amelia siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Alicheka hadi akajishika mbavu, na baada ya hapo akaomba uji. Lakini kumbukeni: mtani yule alikuwa ameshika jembe tangu alfajiri. Kaburi lile alilichimba yeye.

Kwa hiyo mgeni afanye nini? Aanze na jambo analolibeba pamoja na watu waliokaa mbele yake. Hapa kwetu Desemba peke yake inatosha. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, nauli inakuwa gumzo, na nchi nzima inawatania Wachaga kwamba wanarudi nyumbani kuhesabiwa. Hata mimi wa Morogoro nina haki ya kulisema hilo, kwa sababu foleni ya tiketi pale stendi nimeipanga pamoja nao.

Tuna igizo fupi la msimu huo. Kijana amefika nyumbani Kibosho na gari linalong'aa, baba yake amekaa kwenye kigoda ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Maandishi yanamtaka baba aseme sentensi moja tu: "Hilo gari unarudisha lini?" Mzee wetu anayecheza nafasi hiyo haisemi upesi. Anaangalia gari. Anakunywa. Anaangalia viatu vya mwanawe. Anafuta mdomo kwa kiganja, anakunywa tena. Kicheko kinaanzia pembeni, kwa kina mama, kinatambaa hadi nyuma, na watu wanacheka kabla neno halijatamkwa, kwa kuwa kila mmoja ameshamaliza sentensi kichwani mwake. Mwaka mmoja nafasi ile tulimpa kijana mpya. Ukimya ulimtisha. Akaujaza: "Eeh, karibu mwanangu, naona umependeza, umekuja na gari." Kilichobaki kilikuwa mazungumzo ya kawaida ya baba na mwana, na watu wakayasikiliza kwa heshima. Ukimya ni mali yako, usiugawe. Na kicheko kikishaanza, ngoja kipande, kifike juu, kianze kushuka, ndipo useme linalofuata. Ukisema kikiwa juu, hakuna atakayesikia. Ukingoja kiishe kabisa, utalazimika kuwasha moto upya.

Sasa lugha. Hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo ninapoona vijana wakipoteza mali nyingi. Neno linalochekesha liweke mwisho wa sentensi. Kiswahili kimetupa msaada mkubwa katika hilo: kiambishi a- hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na wala hakisemi kama ni mtu au mnyama. Chukua sentensi hii: "Mbuzi alikuwa amelala kitandani kwangu amejifunika shuka jipya." Ni habari, inapita. Sasa igeuze: "Nafungua mlango, amelala kitandani kwangu, amejifunika shuka jipya, ananiangalia bila wasiwasi wowote… mbuzi." Watu wameshatunga kisa chao cha fumanizi, nawe umekivunja kwa neno moja. Hakuna kitenzi hata kimoja kilichodanganya. Halafu kuna ngeli. Mtu akiwa jitu au kijitu, mzee akiwa kizee au jizee, umeshachora picha bila kutumia kivumishi hata kimoja. Fanyeni mazoezi ya hayo kabla hamjafikiria mavazi. Mto tumboni na suruali pana iliyofungwa kwa kamba vinaleta kicheko cha dakika ya kwanza tu, na igizo lina dakika ishirini.

Mtaulizwa pia juu ya ramsa na futuhi, aina mbili za michezo ya kuchekesha, hasa na wanafunzi. Jibu fupi linatosha: futuhi inataka mcheke sana hata kwa mambo yasiyowezekana, ramsa inawacheka watu kama walivyo. Someni Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ndilo jina la Kiswahili la tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836. Maofisa wa mji mdogo wamesikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanadhani ndiye kijana mmoja aliyeishiwa, anayedaiwa chakula kwenye nyumba ya wageni, na wanaanza kumpa pesa. Hakuna ofisa hata mmoja mle anayejaribu kuchekesha. Wana hofu ya kweli, na sisi tunaicheka kwa sababu tumewahi kuiona ofisini siku mgeni wa makao makuu anapotajwa. Rudini pia kwenye Ngoswe, tamthilia ya Edwin Semzaba ambayo wengi wenu mliisoma sekondari. Mzee Mitomingi anapozichoma karatasi za Ngoswe, karani wa sensa, ana uchungu wa baba aliyechukuliwa binti. Mwigizaji akiliigiza tukio lile huku akitafuta kicheko, ameliua. Mhusika hajui kwamba anachekesha.

Angalieni vilevile nani anachekwa. Vichekesho vya zamani, vilivyochipuka mijini na mashuleni wakati wa ukoloni, vilipenda kumcheka mshamba aliyeingia mjini akiwa hajui kuvuka barabara. Bado tunavirudia: mfanyakazi wa ndani, mlinzi, mwenye kigugumizi. Sivipendi, na katika kikundi chetu sivipitishi. Mlinzi anaweza kuwa mhusika wa kuchekesha sana, ila mpe akili na mpe jambo analolitaka. Gogol aliwacheka wenye mihuri.

Mkija kwetu, wiki mbili za kwanza hamtasema neno jukwaani. Mtakwenda sokoni Kiboriloni, kwenye mitumba, mkae karibu na mchuuzi mmoja tangu anapofungua robota. Msikilize anavyomwita mteja, anavyomtania mama aliyeshika gauni bila nia ya kununua, na wapi anakoma. Kuna mahali anakoma, kila mmoja anapo pake. Andikeni sentensi aliyoishia na sura ya yule mama ilivyokuwa. Daftari hilo ndilo tutakaloanza nalo kazi.